Usukani Uko Upande Gani? Kuta za Garaji za Buyenzi

Ukitaka kukadiria ukuta wa garaji pale Buyenzi ulichorwa lini, tafuta usukani. Gari lililochorwa likiwa na usukani kushoto, pua ndefu, taa za mbele zenye kona, hiyo ni Peugeot 504, na aliyeshika brashi alikuwa mtu wa zamani au alifundishwa na mtu wa zamani. Usukani ukiwa kulia, mchoro ni wa baadaye, tangu Toyota zilizotumika Japani zilipoanza kuingia kwa wingi kupitia Dar es Salaam. Na Burundi tunapita upande wa kulia wa barabara! Yaani shoferi wa gari la Japani anakaa upande wa mtaro, na akitaka kuipita kamyo inabidi amuulize abiria wa kushoto kama mbele kuna kitu. Rwanda walikataza kuingiza magari ya namna hiyo. Sisi tulizoea.

Nieleze kwanza kuta zenyewe, maana sisi tulioko huku Nakivale tumezoea michoro ya aina nyingine, ile inayolipiwa na mradi, yenye njiwa na mikono inayoshikana. Siyo hiyo. Buyenzi ni mtaa wa Bujumbura wenye avenyu zaidi ya ishirini zinazoitwa kwa namba tu. Ukiulizwa unakaa wapi unajibu "ya saba" au "ya kumi na tisa", basi. Waislamu ni wengi, Kiswahili ndiyo lugha ya mlangoni, na kazi inayojulikana mji mzima ni ufundi wa magari. Mama yangu alikuwa anauza chapati na chai. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kubeba chupa ya chai na kuzunguka kwa mafundi, halafu jioni kurudi kudai madeni. Mtu anayedai madeni anasimama sana ukutani. Hivyo ndivyo nilivyozisoma kuta za Buyenzi, kabla sijasoma kitabu chochote cha historia.

Fundi huchora ukutani kile anachokifanya: tairi, betri yenye cheche nyekundu, spana mbili zilizopishana, pistole ya kupulizia rangi ikitoa wingu. Halafu maneno, kwa Kifaransa cha kusikia: vidange, soudure, tôlerie, herufi moja imerudi nyuma, nyingine imekosa nafasi ikapanda juu. Mpaka hapo ni tangazo, na ni tangazo la akili, kwa sababu mteja asiyejua kusoma analielewa sawasawa na anayejua. Lakini katikati ya ukuta kuna gari zima, na gari hilo halina kazi ya tangazo. Nani asiyejua kwamba hapo ni garaji, wakati magari sita yamelazwa mbele ya mlango bila magurudumu? Gari la ukutani halijapinda popote. Limeoshwa. Linang'aa. Nyuma yake mara nyingi kuna ziwa na milima ya Kongo ile tunayoiona kila asubuhi isiyo na ukungu. Nakumbuka moja lilipakwa zambarau, rangi ya Vital'O, na fundi mwenyewe aliniambia hajawahi kuona gari la rangi hiyo barabarani, ila timu ni timu.

Sasa kwa nini Buyenzi, kwa nini siyo mtaa mwingine? Hapo lazima turudi nyuma.

Wajerumani waliweka kituo chao cha jeshi Usumbura mwaka 1897. Pamoja nao, na wengine kabla yao, walikuja watu wa njia ya ziwa: wafanyabiashara, wapagazi, askari, mafundi cherehani. Wengine asili yao ni Ujiji, wengine ni Wamanyema wa upande wa Kongo, wengine pwani kabisa. Watu wa vilimani waliwaita wote Waswahili, na wao wakakubali jina. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani, wakabaki wakitawala Ruanda-Urundi kwa niaba ya Shirika la Mataifa. Wabelgiji hawakuwapenda sana Waswahili. Walikuwa Waislamu, walizungumza lugha iliyovuka mipaka, na hawakuwa chini ya chifu yeyote. Uongozi haukutaka wasambae vilimani. Katika miaka ya 1930 mji ulipopangwa upya, Waswahili walipimiwa viwanja vyao kwa mistari iliyonyooka, mbali na mji wa Wazungu, mahali ambapo kwa sheria ya kikoloni hapakuwa chini ya mila. Hiyo ndiyo Buyenzi. Jirani yake Bwiza iliitwa Belge. Msomaji wa kambini ataelewa haraka kuliko wengine: mistari iliyonyooka, namba badala ya majina, na mtu mwingine ndiye anayeamua mstari unaishia wapi.

Mtu aliyezuiliwa asiende kulima kilimani atakula nini? Atauza, atashona, atajenga, ataendesha, atatengeneza. Kazi ya usukani na spana haikuhitaji shamba la baba. Haikuhitaji hata barua ya ubatizo, ambayo katika miaka ile ilifungua milango mingi ya shule.

Na magari yenyewe yalikuja kwa njia ileile waliyokuja watu. Reli ya kati ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914. Baada ya vita Wabelgiji walipewa na Waingereza sehemu zao bandarini, Dar es Salaam na Kigoma, mwaka 1921. Kwa hiyo mzigo wa Ulaya ulishuka Dar, ukapanda treni mpaka Kigoma, ukapanda meli ziwani, ukashushwa Usumbura. Dar, Tabora, Ujiji, Usumbura: ni njia ya misafara, imewekewa vyuma tu. Gari lilipofika bandarini Usumbura lilikuta watu ambao babu zao walishuka palepale. Ndiyo maana mimi sishangai kwamba lilikaa Buyenzi. Waliitwa wageni wote wawili.

Hata maneno yanasimulia. Burundi ilitawaliwa kwa Kifaransa, lakini jirani zetu wa Kongo ya mashariki wanasema motokari, na Wanyarwanda imodoka, maneno yaliyotoka kwa Kiingereza kupitia njia hiyohiyo ya Kiswahili. Ukifungua kapo, hata hivyo, unaingia Ufaransa na Ubelgiji: feri, vitesi, buji, ambereyaji, pine. Fundi aliyelelewa Buyenzi akifika Kigoma anajifunza kusema breki, gia, plagi, klachi na tairi, na ndani ya wiki mbili amezoea, maana chuma ni kilekile. Huku Uganda nimewasikia wakichanganya yote katika sentensi moja. Mteja Mganda anatikisa kichwa, lakini pikipiki inawaka.

Zama za Peugeot zilikuwa ndefu. 404 ilianza kutengenezwa mwaka 1960, 504 mwaka 1968, na magari haya yaliishi Afrika muda mrefu baada ya Ufaransa kuyasahau. Juu ya ukuta 504 ni kama mzee wa familia kwenye picha ya harusi, hata asiyemjua anampisha katikati. Ziliendeshwa na wazee wa mtaa ambao vijana wao walikuwa wamemfuata Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore. Waswahili wa Usumbura walikuwa miongoni mwa watu wake wa kwanza na wa karibu; chama chake, UPRONA, kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, na tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo akauawa. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962, jina la mji likawa Bujumbura. Kwa watu waliokuwa wakiitwa wapita njia, kumuunga mkono Rwagasore kulikuwa namna ya kusema sisi ni wa hapa. Hilo halikumaliza mjadala, kwa sababu hata baada ya uhuru Mswahili aliendelea kuulizwa asili yako wapi. Kuchora gari lako ukutani, na namba ya avenyu chini yake, ni jibu la fundi kwa swali hilo.

Kuna ukuta mwingine ndani ya garaji ambao hakuna mtu aliyekusudia kuuchora, na huo ndio ninaoupenda zaidi. Fundi wa rangi kabla ya kupulizia gari lazima aijaribu pistole: je, inatoa sawasawa, rangi nzito au nyepesi, imechanganywa na tina ya kutosha? Anapuliza ukutani, mara moja, mbili. Kila gari linaacha wingu lake. Wingu linafunika wingu, mwaka juu ya mwaka. Ukikwaruza na msumari unakuta krimu ya Peugeot chini, bluu, kijani cha jeshi, halafu nyeupe, nyeupe nyingi. Wafanyakazi wa mashirika mtacheka: hiyo nyeupe ni yenu. Miaka ya Umoja wa Mataifa pale kwetu, ONUB, 2004 mpaka 2006, na miaka ya mashirika kabla na baada, ilijaza mji magari meupe. Gari la shirika likichoka linauzwa, na aliyelinunua analileta Buyenzi kufutiwa jina mlangoni. Herufi hubanduliwa, msasa hupita, lakini rangi iliyokuwa chini ya herufi haikupigwa na jua kama nyingine, kwa hiyo jina linabaki kama kivuli. Mafundi walikuwa na mchezo wa kulisoma gari lilikotoka, na aliyekosea analipia chai. Kwangu ilikuwa biashara nzuri.

Nimesema kuta zinasimulia, lakini kuna miaka ambayo gari lililochorwa halisemi chochote na lazima utazame chini yake, kwenye usawa wa mkono wa kijana aliyechuchumaa. Pale wanafunzi wa ufundi hukwaruza majina yao na mwaka. Kwenye garaji moja ya avenyu yetu orodha ilikuwa ndefu. Kabla ya 1993 vijana walitoka kila upande: Buyenzi wenyewe, Bwiza, Nyakabiga, Kamenge, Cibitoke, na Wakongomani waliovuka kutoka Uvira. Majina ya Kiislamu, ya Kikristo, ya Kirundi, moja juu ya jingine, hakuna safu ya hawa na safu ya wale. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Ndadaye akauawa. Mitaa ya mji ikaanza kuwa ya kabila moja moja, huyu hapiti kule, yule hapiti huku. Buyenzi na Bwiza ziliendelea kuchanganyika kwa muda, mpaka Machi 1995 vita vilipoingia humo pia, na watu wengi, hasa Wahutu na Wakongomani, wakavuka kwenda Uvira. Juni mwaka huo jeshi likaingia Kamenge na wenyeji wakatawanyika.

Kwenye ule ukuta hakuna jina la 1995. Kuna mawili ya 1996. Majina siyaandiki hapa, wengine wako hai na wengine wako katika kambi hizihizi. Lakini nataka ijulikane kwamba waliorudi, walirudi kwenye garaji ileile, na mwenye garaji hakupaka chokaa juu ya majina ya wasiorudi. Alipaka mbele, akapaka pembeni, ile sehemu akaizunguka na brashi. Wageni walifikiri ni uvivu.

Halafu ikaja embago. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Buyoya alichukua nchi, na tarehe 31 nchi jirani zikafunga mipaka ya biashara mpaka Januari 1999. Mafuta yakawa ya magendo, kwenye vidumu. Spea zikawa dhahabu. Hapo ndipo Buyenzi ilipopata sifa ambayo bado inaishi nayo. Gasketi zilikatwa kwa mkasi kutoka boksi gumu. Bushi za chuma zikawa za mpira wa tairi la zamani. Niliona maji ya sabuni yakitiwa mahali pa mafuta ya breki, na niliona gari hilo likiondoka na watu watano ndani, sikupanda. Injini ya Toyota ilikalishwa ndani ya Peugeot kwa vyuma vya kuunga. Na mchoraji akafuata: kwenye avenyu ya jirani kulikuwa na gari ukutani lenye sura ya 504 na maandishi TOYOTA kwenye kioo. Mtoto yeyote wa mtaa alijua siyo kosa, gari hilo lilikuwepo, lilikuwa linabeba mchele.

Baada ya hapo ni zama za usukani wa kulia. Hiace za abiria, Toyota ile watu wa Buja wanaiita TI, na tangu miaka ya 2000 Probox, ambayo imeumbwa kama sanduku na hakuna mchoraji aliyewahi kuifanya ipendeze, ingawa wamejaribu. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007 na njia ya Dar ikawa pana zaidi. Soko kuu la mji lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wauzaji wengi walihamia masoko mengine, na Ruvumera, soko letu la Buyenzi, likafurika mpaka mabarabarani. Garaji zikabanwa. Kuta nyingi zikauzwa kwa matangazo, rangi moja kutoka kona mpaka kona, na gari la mzee likafunikwa asubuhi moja na kijana mwenye rola. Mwenye ukuta alilipwa, simlaumu.

Watu wa Nairobi watasema sanaa ya magari ni yao, na kweli matatu zao zinapigiwa mfano. Serikali ya Kenya iliwapaka wote mstari wa njano mwaka 2004, ikawachukua miaka kumi hivi kupata tena ruhusa ya kuchora wazi. Lakini matatu inabeba mchoro wa watu wa mbali, wanamuziki wa Marekani na wachezaji wa Ulaya. Ndugu wa karibu wa kuta zetu yuko upande mwingine, Kongo. Lubumbashi, katika miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi yake kwa picha zipatazo mia moja, akimweleza kila picha kwa Kiswahili cha Shaba mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, aliyekuja kuzichapisha mwaka 1996. Tshibumba alisema wazi kwamba yeye ni mwanahistoria. Mafundi wa Buyenzi hawakusema hivyo kamwe, wangekucheka. Lakini katika nyumba za watu wa Kongo niliona picha za namna ile, mamba muntu na nyinginezo, zimetundikwa juu ya redio, na mkono uliochora maji ya ziwa kwenye kuta za garaji ulijifunza mahali fulani.

Mwaka 2015, baada ya Aprili, tulitoka wengi. Wengine Nyarugusu, wengine Mahama, wengine Lusenda, sisi tukaja huku. Fundi hakuweza kubeba garaji. Spana alizibeba baadhi.

Hapa Nakivale kuna fundi wa kwetu anayetengeneza pikipiki tu, maana pikipiki ndizo zilizopo. Ubao wake una 504 ya krimu, usukani kushoto. Afisa mmoja wa mradi wa ajira alipita akamshauri kwa nia njema achore bodaboda, wateja wamuelewe. Fundi alimsikiliza kwa heshima, akampa kiti. Gari halikufutwa. Nilimuuliza baadaye, kaka, kwa nini? Akasema: "Dada, wa bodaboda ananiona nimekaa na spana, haitaji picha. Hiyo ni kwa wa kwetu, wajue nimefundishwa wapi." Na wanajua. Nimeona mzee aliyekuwa shoferi wa kamyo njia ya Rumonge akisimama mbele ya ubao ule, jua kali, akibishana kwamba taa za 504 hazikai hivyo, zimekaa chini mno. Walibishana karibu saa nzima. Wiki iliyofuata taa zilikuwa zimepandishwa.

Mimi nakusanya. Mwenye picha ya simu inayoonyesha ukuta wowote wa garaji, kuanzia avenyu ya kwanza mpaka ya mwisho, aniletee niinakili. Hata kama ulikuwa unampiga picha shangazi siku ya Idi na ukuta uko nyuma yake, hiyo ndiyo nzuri zaidi, kwa sababu tarehe inajulikana. Mwenye jina lake kwenye ukuta na hataki lisomwe, tutalifunika. Na mafundi wa rangi waliofanya kazi kabla ya embago, nawaomba tukae jioni moja, niandike mlikuwa mnachanganya nini na nini kupata ile krimu.